Samaki Waliopangwa kwa Mkono wa Soko

Iko siku moja, mwanangu, ambayo uzee umejaribu kuniibia ukashindwa. Ni asubuhi ambayo Nkambo wangu, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Kalemie, alimpasua samaki mdogo kuliko kidole chake, akatazama ndani, akaniita kwa majina yangu yote, hadi lile la ubatizo. Ukiitwa majina yote na mtu mzima, ujue kuna neno. Lakini tulia kwanza. Tutafika kwenye kisu, ila mambo yalianzia majini.

Nakuambia haya kwa sababu juzi mlikuja, wewe na wenzako wa mtaani, simu mkononi, mkanionyesha picha za samaki wa kwenye masanduku ya vioo. Mkasema mnataka kujenga matangi karibu na ufuko, mfuge samaki wa kupendeza wa ziwa letu, muwauze wakiwa hai kwa watu wa mbali wanaopenda kuwatazama sebuleni. Nilifurahi, nisikufiche. Kisha ukaniuliza, kwa haraka ya mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Mama Vumi, dume na jike unawajua namna gani? Utuambie tu alama moja, tuko na haraka." Nikakwambia urudi leo. Ulidhani nimechoka, nikaona ulivyovuta mdomo. Sikuchoka. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Alama moja! Sisi pia tuliitafuta hiyo alama moja, na nusura itunyang'anye Papa, baba yetu.

Mimi ni mtoto wa soko la samaki. Kabla sijajua kusoma nilijua kupanga. Mitumbwi ikifika asubuhi, Mama alinunua, tukamwaga mezani, na mikono ikaanza kazi: wakubwa huku, wadogo kule. Sangala mbele watu wamwone, mikebuka katikati kwa urefu wao, ndagala, wale dagaa wetu, kwenye mkeka wao peke yao. Mama alikuwa na neno lake, "Mukubwa na mukubwa mwenzake," na alilisema mara nyingi kuliko sala. Ukichanganya, mnunuzi anadhani umeficha ubaya chini ya uzuri. Nilipofika umri wa kusukwa nywele nzuri ili nitazamwe, mkono wangu ulikuwa mwepesi hivi kwamba kina mama wengine waliniita niwapangie. Sifa ilinipanda kichwani, na sifa ikishapanda kichwani, macho huwa yanafunikwa kidogo.

Papa yangu, Papa Kisimba, hakuwa mtu wa nyavu. Alikuwa mzamiaji. Alivaa miwani kubwa ya mpira iliyofunika macho na pua, akavuta pumzi, akashuka kwa pumzi hiyo hiyo, akapanda na samaki hai kwenye wavu mdogo wa mkononi. Bwana mmoja kutoka Bujumbura alikuwa anapita na boti, anawanunua, anawafunga kwenye mifuko ya plastiki yenye maji na hewa, wanakwenda zao Ulaya. Ugali wetu ulitoka chini ya maji. Minerval, ile karo ya shule ya wadogo zangu, ilitoka chini ya maji. Hata gauni langu la Pasaka lilitoka huko.

Kisha sikio la Papa likaharibika. Lilianza kwa kuwasha, likatoa usaha, mwisho tukawa tunaona damu kwenye mto wa kulalia. Siku moja alichelewa kupanda. Hakutuambia sisi watoto, alimwambia Mama, lakini kuta za nyumba yetu zilikuwa nyembamba. Alisema maji yaliingia ndani ya sikio, kichwa kikazunguka, hakujua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Aliachia pumzi kidogo akafuata mapovu yake. Kesho yake muuguzi akamtazama sikio akamwambia bila kuzunguka: "Papa, limetoboka. Ukirudi kule, siku moja utaogelea kwenda chini ukifikiri unapanda juu."

"Na watoto watakula nini?" Papa akamuuliza. "Mawe?"

Kaka yangu Alimasi ndiye aliyeleta wazo. Alimkumbusha Papa kwamba yule bwana wa Bujumbura alishasema anawapenda zaidi samaki waliozaliwa ndani ya matangi, kwa sababu hawafi ovyo njiani. Basi tujenge matangi ya saruji nyuma ya nyumba, tuweke madume na majike, wazae, na Papa asishuke tena. Papa alisikiliza kwa lile sikio moja lililobaki. Alikuwa mkaidi, lakini aliona macho ya Mama. Akasema, "Sawa. Nangoja mpaka mvua ikatike. Kama sijaona mutoto mu tangi, narudi mu maji." Akatundika miwani yake kwenye msumari karibu na mlango. Kila tulipoingia na kutoka ilikuwa inatutazama.

Sasa nikueleze samaki wenyewe. Chini ya ziwa letu kuna mahali ambapo pamejaa maganda matupu ya konokono, mamia kwa mamia. Watu wa nyavu wanapakwepa kwa sababu nyavu hukwama, lakini Papa alipapenda. Huko anaishi samaki wa urefu wa kiganja, mwenye rangi ya udongo, ambaye hukusanya maganda kwa kinywa chake mwenyewe, moja moja, akayafanya fungu, kisha akasimama juu yake kama askari mbele ya biro ya serikali. Na ndani ya maganda yale kuna samaki wadogo wadogo wanaochungulia. Kila mzamiaji alijua maana yake: yule ni baba, na wale ni watoto wake. Hakuna aliyeuliza. Jambo ambalo kila mtu analijua, mwanangu, ndilo halichunguzwi.

Kabla ya kutundika miwani, Papa alikuwa ameshapandisha wakubwa kadhaa, na ndoo za maganda yakiwa na wadogo humo humo ndani. Homa ya sikio ikamlaza. Kazi ya kupanga ikabaki kwangu na Alimasi, na nani alikuwa na mkono wa kupanga kunishinda mimi? Nikafanya nilivyofunzwa. Wakubwa tangi la kwanza. Wadogo tangi la mbali, wasije wakaliwa. Maganda ya konokono nikaona ni uchafu unaonuka, nikayamwaga uani, na Nkambo akafurahi kwa sababu kuku wake waliyadonoa. Matangi yakang'aa. Majirani walipita wakasifu usafi.

Ikaja kazi ya kumjua mke na mume kati ya wale wakubwa. Alimasi akainama, akatazama, akasema, "Huyu wa tumbo njo muke." Nikakubali, maana mezani kwetu sokoni samaki mwenye tumbo ndiye mwenye mayai. Kumbe tumbo lenyewe lilikuwa la chakula nilichomtupia mimi asubuhi ile! Tukawachagua wenye matumbo tukawaita wake, wembamba tukawaita waume, tukawaweka wawili wawili. Tulitafuta ndoa, tukapata ndondi. Waling'atana mapezi hadi yakawa matambara, na asubuhi mmoja alikuwa anaelea. Tukasema labda hawakupendana, tukabadilisha wenzi. Ndondi nyingine. Umdhaniaye ndiye kumbe siye, wazee walisema, lakini sisi tuliendelea kudhani.

Siku zikaenda. Kila alfajiri nilichota maji ya ziwa kwa ndoo nikabadilisha ya matangi, na kila alfajiri nilitafuta mtoto wa samaki nisimwone. Mvua ikaanza kupungua. Jioni moja nilimkuta Papa ameshusha miwani kutoka kwenye msumari, anaupaka mpira wake mafuta ya mawese polepole, usikauke. Mama, ambaye alikuwa na desturi ya kuimba akitwanga, aliacha kuimba. Mimi nilikwenda kanisani siku ambayo si Jumapili, nikamwomba Bikira Maria mtoto mmoja tu wa samaki. Nadhani alicheka.

Basi, tumefika kwenye ile asubuhi.

Samaki mmoja kati ya wale wadogo alikuwa amekufa. Nilimtoa na jani, nikawa naelekea kwa paka. Nkambo alikuwa ameketi kwenye kiti chake kifupi anakata sombe, majani ya muhogo.

"Unapeleka nini?" akauliza.

"Mutoto mumoja amekufa, Nkambo. Nampa paka."

"Lete."

Mkono wa Nkambo ulikuwa haujawahi kuacha samaki apite bila kupasuliwa. Hata angekuwa mdogo wa namna gani, hata wa paka. Akamlaza juu ya kidole gumba, akamgusa tumbo kwa ncha ya kisu. Akasogeza mkono kwenye mwanga.

"Vumilia Anjelani Kisimba!" akaita, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. "Mutoto gani huyu iko na mayai?"

Niliinama. Tumbo lile dogo lilikuwa limejaa mayai ya manjano, yamebanana. Nkambo hakupandisha sauti, na ndiyo maana maneno yake nimeyabeba hadi leo.

"Muko munapanga samaki sawa ku meza ya soko," akasema. "Ku soko wote wamekufa. Mufu hana bwana, hana muke, iko na kilo tu. Hawa wako wazima, mwana wangu. Muzima unamujua kwa kazi yake, haiko kwa kilo yake. Mumetenga wamama na bwana yao, mumewanyang'anya na nyumba yao mukapa kuku, kisha kila siku unaenda kuomba Mungu watoto!"

Nilitamani ardhi inimeze. Na wakati huo huo, ndani kabisa, kitu kilirukaruka kwa furaha, maana kama wale wadogo ndio wake, basi bado tulikuwa na wake tangi zima.

Papa akatoka ndani akiuliza kuna nini. Nkambo akamzungukia upande wa sikio zima akamsimulia yote, akamwonyesha na kidole gumba chenye mayai. Papa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitazama mayai muda mrefu, kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nilikuwa naona yote," akasema. "Ule mukubwa anakamata ganda na kinywa, ndani kuko kadogo, anakapeleka ku fungu lake. Mi nasema, angalia baba muzuri, anarudisha mutoto nyumbani. Kumbe ameoa!"

Tulifukuza kuku. Tulikusanya maganda yaliyobaki, tukayasugua, tukayarudisha. Kila tangi tukaliwekea mkubwa mmoja tu, na kundi la wadogo. Yule mkubwa wa tangi la kwanza alijibanza kwenye kona akiwa na hasira za siku zote zile. Kisha akatoka. Akalisogelea ganda, akaliuma mdomoni mwake, akalivuta, akaliweka. Akarudi akachukua jingine. Alifanya kazi hiyo bila kupumzika, na mimi nilimtazama hadi ndoo niliyotumwa nayo nikaisahau. Baadaye mdogo mmoja akaja akazunguka fungu, akachagua ganda, akaingia. Hakutoka.

Nkambo akaweka sheria: hakuna kutia mkono, hakuna kuinua ganda kuchungulia. Alimasi mkono ulimwasha, akaambiwa aukalie. Kujua kwa kisu ni rahisi, mwanangu, lakini ukishajua kwa kisu umeshaua. Hapa ilibidi kujua kwa kungoja.

Na mvua haikungoja. Ilikatika. Anga ikawa safi, upepo wa kiangazi ukaanza kupiga ziwani, na Papa alikuwa mtu wa neno lake. Nkambo alimwambia, "Ziwa haihame, ngoja kidogo." Papa akamjibu kwa heshima kwamba ziwa halihami kweli, lakini tumbo la mtoto nalo linahamahama likiwa tupu. Alfajiri moja tulisikia msumari wa mlangoni ukilia kidogo, na miwani ikawa haipo.

Nilikwenda matangini na ndoo yangu kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu, si kwa sababu ya tumaini. Nikainama. Kwenye mdomo wa ganda moja kulikuwa na kitu kama vumbi, nikataka kupuliza maji kiondoke. Vumbi likasogea lenyewe. Lilikuwa na macho. Macho mengi, mwanangu! Watoto wa samaki, watoto wa kweli safari hii, wanachungulia dunia kisha wanarudi ndani kwa mama yao, na baba amesimama juu hataki nikaribie.

Nilitupa ndoo nikakimbia. Papa alikuwa ameshaingia ziwani hadi kiunoni, miwani kwenye paji la uso, mgongo kwetu. Nikaita. Nikaita kwa nguvu zote za mtoto wa soko, na unajua sisi tunavyoita. Lakini sikio lililokuwa upande wangu lilikuwa lile bovu, na kwa lile zima alikuwa anasikia mawimbi. Aliishusha miwani machoni. Niliona mgongo wake unavyopanda, anavuta ile pumzi yake ndefu.

Niliingia na gauni langu. Sikumbuki maji yalikuwa baridi au moto. Nilimfikia nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, naye akageuka kwa mshtuko akidhani nimepatwa na balaa. Nikamwonyesha nyumbani kwa kidole, nikabana vidole viwili kuonyesha kitu kidogo sana. Akanitazama. Akaelewa. Tukatoka tumeshikana mikono, na watu wa mitumbwi wanatushangaa.

Papa alipiga magoti kando ya tangi. Maji yalikuwa yanang'aa kwa jua la asubuhi, hakuona vizuri. Basi akaweka miwani yake sawasawa, akainama, akatumbukiza uso wake tangini, pua na macho tu. Alikaa hivyo muda, anavuta pumzi kwa kando, anarudi tena. Mama alisimama nyuma yake, kiganja kinywani. Mimi sikuwa natazama samaki tena. Nilikuwa natazama masikio ya Papa, yote mawili yakiwa juu ya maji, makavu.

Hakuzama tena maisha yake yote. Miwani ile aliitumia kwa kazi hiyo moja, kutumbukiza uso tangini kila asubuhi kuwasalimia, na alizeeka hadi akawaona watoto wangu. Yule bwana wa Bujumbura alirudi akakuta familia za samaki, si ndondi. Mama aliimba tena.

Sasa nisikilize vizuri, usije ukaondoka na nusu ya hadithi. Baada ya siku ile na mimi nilianza kujivuna upya: mkubwa mume, mdogo mke, alama nimeipata! Nkambo akanitazama tu. Haukupita muda, mdogo mwingine akafa, nikampasua mwenyewe nikijigamba mbele ya Alimasi, nikakuta ndani maji meupe ya kiume. Alikuwa dume mfupi, aliyeishi kwa kujipenyeza kwenye maganda ya dume mkubwa kila mwenye nyumba alipogeuka. Alimasi alinicheka hadi akakaa chini. Kumbe nilikuwa nimeibomoa meza moja ya soko nikajenga nyingine.

Kwa hiyo jibu lako ni hili, mtu wa haraka wewe. Kwa samaki wa konokono, tazama nani anabeba maganda, na nani anaingia akabaki ndani. Kwa wale wa kwenye mawe, ambao dume na jike wamevaa nguo moja, ukimwona mmoja amefunga mdomo, kidevu kimevimba na chakula anakataa, usiseme mgonjwa, usimtupe. Ni mama, na watoto wake wamo kinywani. Na wengine itabidi uwashike taratibu kwa mkono uliolowa, uwageuze, utazame chini ya tumbo karibu na mkia. Jike tundu lake ni pana kuliko la dume. Ukikosea, subiri utazame tena. Kuuliza si ujinga, na kungoja si uvivu.

Ukinielewa kwenye samaki, utanielewa na kwa watu. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Mimi nilichumbiwa na mwanaume anayenifikia begani. Siku ya harusi wenye midomo walisema tumekosea kupanga, bibi harusi angepaswa kumbeba. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimeshamtazama mtu yule kwa msimu mzima, ninajua anachobeba akifikiri haonekani, na amenibebea nyumba hadi leo.

Tena nikwambie hili, ingawa sijui kama mama yako amewahi kukusimulia. Watu walipofika hapa mjini wakikimbia vita vya upande wa Nyunzu, tuliwapanga kwa mkono wa soko. Mwenye mizigo tulimkaribisha, asiye na kitu tulimtazama kwa pembeni. Kulikuwa na mama mmoja mwembamba, ana sufuria moja kichwani na mtoto amemshika mkono. Watu wakasema huyu mama hafiki mbali. Mimi nikakumbuka kidole gumba cha Nkambo, nikampa pa kulala, nikangoja nione kazi yake. Leo nani hapa mtaani haamki kwa maandazi yake? Na yule mtoto wa kushikwa mkono ndiye wewe, unayetaka alama moja.

Shika basi maneno ya bibi yako huyu. Aliye hai usimpange kama aliyelala mezani. Usimwite mtoto kabla hujajua amebeba nini. Unachodhani ni takataka kwenye nyumba ya mwenzako, uliza kwanza, huenda ndicho kitanda chake cha uzazi. Na kama huna hakika, weka mkono wako chini na macho yako mbele, ungoje, kwa maana kiumbe hai hujieleza mwenyewe kwa anachofanya.

Nenda ukajenge matangi yako, mwanangu. Aliyewapa samaki hawa maganda ya kulalia akupe na wewe macho yasiyochoka na nyumba yenye vishindo vya watoto. Maji ya ziwa yakulishe pasipo kukudai. Na siku utakapokuwa mzee kama mimi, uinamie tangi lako asubuhi, ukiwa na masikio makavu.